Virusi Viwili Katika Shina Moja

Kila mkulima wa muhogo kuanzia Kigoma hadi Kwale anaijua batobato, hata kama kwao inaitwa kwa jina jingine. Jani linachipua likiwa na mabaka ya kijani na manjano, linajikunja, upande mmoja unakuwa mdogo kuliko mwingine, na mmea wenyewe unadumaa. Mjerumani Otto Warburg aliueleza ugonjwa huu mwaka 1894, kutokana na yaliyoonekana katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya balaa lililoshuka juzi. Babu zetu walilima muhogo wenye batobato, wakala makopa yake, wakachuma kisamvu chake, wakakata pingili kutoka kwenye mashina yaleyale na kuzipanda tena. Mavuno yalipungua, lakini chakula kilipatikana. Batobato ikahesabiwa kuwa ugonjwa wa kuvumilika.

Uvumilivu huo ndio ninaoutilia shaka. Ili nieleze kwa nini, itabidi twende kwanza Uganda.

Mwaka 1988 taarifa zilianza kutoka Luwero, kaskazini ya Kampala, kwamba batobato ya safari hii si ile iliyozoeleka. Luwero ilikuwa imetoka vitani miaka miwili tu kabla ya hapo. Watu walikuwa wakirudi makwao, na mtu anayeanza upya hupanda muhogo mapema, kwa sababu muhogo haudai mbolea nyingi, hustahimili jua, na hukaa ardhini ukimsubiri mwenyewe mpaka atakapouhitaji. Sasa mihogo hiyo ikawa inatoa majani yaliyosinyaa na kukunjamana vibaya, na mtu akichimba anakuta mizizi myembamba isiyofaa hata kumenywa.

Ugonjwa ukasogea kuelekea kusini kwa kasi ya kilomita 20 hadi 30 kila mwaka, na watafiti waliweza kuchora kwenye ramani mahali ulipofikia, msimu hadi msimu. Mbele ya mstari huo mashamba yalikuwa na afya ya kawaida. Kwenye mstari wenyewe nzi weupe, wadudu wanaoueneza ugonjwa huu, walikuwa wengi ajabu, na nyuma yake wakulima walikuwa wamekwisha kuacha kupanda muhogo. Kule Teso, mashariki ya nchi, watu walikuwa wameporwa ng'ombe katika machafuko ya miaka hiyo. Muhogo ndio uliokuwa umebaki, nao ukaondoka. Wengi waligeukia viazi vitamu. Wengine hawakuwahi: katika miaka ya 1990 kuna sehemu za Uganda ambako watu walikufa kwa njaa kwa sababu zao hili moja lilianguka. Kisha ugonjwa ukavuka mipaka. Katikati ya miaka hiyo ulikuwa umefika magharibi ya Kenya, mwishoni mwake ukaingia Kagera, na haukupita muda mrefu ukawa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo.

Watafiti waliokwenda mashambani walijiuliza: ni nini kilichobadilika? Mbegu za muhogo zilikuwa zilezile. Nzi weupe walikuwapo siku zote, ingawa si kwa wingi ule. Je, kirusi chenyewe?

Hapa ndipo jambo linapokuwa zito, na naomba mnivumilie nieleze taratibu. Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba batobato ya Afrika inasababishwa na virusi zaidi ya kimoja. Viwili ndivyo vilivyokuwa vikubwa. Kimoja nitakiita kirusi cha Afrika, kwa kuwa ndilo jina lake katika vitabu, nacho kilionekana Afrika Magharibi, Afrika ya Kati, Uganda na magharibi ya Kenya. Cha pili ni kirusi cha Afrika Mashariki, na makao yake yalikuwa pwani yetu, ya Kenya na Tanzania, kuteremka hadi Malawi na kuvuka hadi Madagaska. Ramani hiyo ilichorwa kwa kipimo cha kingamwili, yaani protini zinazolitambua ganda la kirusi na kushikamana nalo. Ukichukua jani kutoka Luwero na kulipima kwa njia hiyo, jibu lililotoka lilikuwa: kirusi cha Afrika. Kilekile kilichokuwapo siku zote.

Kwa mujibu wa kipimo, basi, hakuna kilichobadilika. Kwa mujibu wa shamba, kila kitu kilikuwa kimebadilika.

Mwaka 1997 jibu lilipatikana. Kundi la watafiti la Scottish Crop Research Institute karibu na Dundee, wakiwamo Xueping Zhou na Bryan Harrison, walishirikiana na G. W. Otim-Nape, aliyeongoza utafiti wa muhogo kule Namulonge, Uganda. Walisoma vinasaba vya kirusi kutoka kwenye mimea iliyougua vikali, herufi moja baada ya nyingine. Mwaka huohuo kundi jingine, lililokuwa na Claude Fauquet na Roger Beachy pamoja na watafiti wa Uganda, lilitangaza nalo kuwapo kwa kirusi kipya.

Walichokiona ni hiki. Jeni inayotengeneza ganda la kirusi hiki ina herufi zipatazo 770. Herufi 219 za mwanzo zililingana kwa asilimia 99 na zile za kirusi cha Afrika Mashariki. Herufi 459 zilizofuata zililingana kwa asilimia 99 na za kirusi cha Afrika. Kisha herufi 93 za mwisho zikarudi kuwa za kirusi cha Afrika Mashariki. Na sehemu nyingine ya duara la DNA lenye jeni hiyo, nje ya ganda, ilikuwa ya Afrika Mashariki. Kwa maneno mengine, kirusi cha pwani kilikuwa kimepata kipande cha katikati cha ganda la mwenzake. Na kwa kuwa kipimo cha kingamwili huangalia ganda peke yake, kikaliona lile ganda na kulitaja jina la kirusi kingine. Kipimo kilijibu sawasawa swali kililoulizwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amekiuliza juu ya sehemu zilizobaki.

Jambo hilo huitwa uchanganyikaji wa vinasaba. Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba virusi hubadilika kwa makosa madogomadogo, herufi moja hapa na nyingine pale, na kwamba mabadiliko makubwa yanahitaji muda mrefu. Ni kweli, lakini si njia pekee. Virusi vya mimea vinaweza kubadilishana vipande vizima, na kwa tukio moja tu kirusi kikapata kitu ambacho makosa madogomadogo yangehitaji miaka na miaka kukijenga.

Linatokeaje? Virusi vya batobato ni vya jamii ambayo chembe zake, ukizitazama kwa darubini ya elektroni, zimeshikamana mbilimbili. Kila chembe pacha imebeba duara moja dogo la DNA lenye uzi mmoja na herufi karibu 2,800. Ni kidogo mno: vinasaba vya muhogo wenyewe vina mamia ya mamilioni ya herufi. Kirusi kamili cha batobato kina maduara mawili ya aina hiyo. Duara A lina maelekezo ya kujinakili na ya kutengeneza ganda. Duara B lina maelekezo ya kupita kutoka seli moja kwenda nyingine. Maduara haya mawili tuliyajua tangu 1983, pale Stanley na Gay waliposoma vinasaba vyote vya kirusi kilichotoka Kenya, mwaka uleule ambao Bock na Woods, waliokuwa wakifanya kazi hukohuko Kenya, walithibitisha kwamba ndicho kinacholeta batobato.

Kirusi hakina chombo cha kunakili DNA. Kinapoingia kwenye kiini cha seli ya muhogo, kinatumia vimeng'enya vya muhogo. Kwanza uzi mmoja unapewa mwenzake uwe uzi mara mbili. Kisha protini ya kirusi inaukata uzi mahali palepale siku zote, kwenye herufi tisa ambazo karibu hazibadiliki katika jamii yote ya virusi hivi: T-A-A-T-A-T-T-A-C. Kuanzia hapo unakili unazunguka duara, ukitoa uzi mpya mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ya haraka, na katika seli moja yanaweza kuwapo maduara mengi mno kwa wakati mmoja, mengine yamekatika, mengine nusunusu.

Sasa mfikirieni mnakili wa zamani wa kule Lamu, ameketi na hati mbili za utenzi mmoja, zinazotofautiana kwa maneno machache. Ananakili kutoka hati ya kwanza. Anainua kichwa achovye kalamu, na akirudisha macho yanatua kwenye hati ya pili, katika ubeti uleule. Anaendelea. Vina havivunjiki wala mizani haipotei, kwa sababu beti zinafanana. Baadaye macho yanarudi kwenye hati ya kwanza, naye anamaliza kazi. Nakala inayotoka haikuwahi kuwapo kabla, na inasomeka vizuri kabisa. Kimeng'enya cha muhogo hufanya jambo la namna hiyo kinapokuwa kati ya maduara ya virusi viwili vinavyofanana: uzi unakatika au unakwama, unajishika kwenye duara la jirani mahali herufi zinapolingana, na unakili unaendelea.

Sharti la yote haya ni moja, nami naomba tulishike vizuri: virusi vyote viwili lazima viwemo katika seli moja ya mmea mmoja, kwa wakati mmoja. Kirusi cha Mombasa na kirusi cha Kampala haviwezi kuchanganyika vikiwa kila kimoja kwao. Mtu au nzi lazima avikutanishe.

Nzi mweupe huchangia, lakini yeye huenda mwendo mfupi, shamba hadi shamba. Anayesafiri mbali ni pingili. Muhogo haupandwi kwa punje. Unapandwa kwa kipande cha shina, na kipande hicho kinabeba kila kirusi kilichokuwamo katika shina mama. Pingili zikifungwa mzigo mmoja nyuma ya baiskeli au juu ya basi, zikavuka wilaya mbili, zimebeba virusi vya kule zinakotoka na kuvifikisha mahali ambapo virusi vingine vinasubiri. Nzi wa kule humalizia kazi. Ndivyo mmea mmoja unavyopata magonjwa mawili, na pale Uganda mimea yenye virusi viwili haikuwa adimu.

Na madhara ya kukutana kwao hayaishii kwenye uchanganyikaji. Watafiti waligundua kwamba mimea iliyougua vikali kuliko yote ilikuwa na vyote viwili: kile kipya kilichochanganyika, pamoja na kile cha zamani cha Afrika. Kila kimoja peke yake kilikuwa kibaya. Pamoja vilikuwa vibaya zaidi ya jumla yao. Miaka michache baadaye ikaeleweka sababu mojawapo. Mmea una kinga yake dhidi ya virusi, njia ya kuyakatakata maelekezo yao kabla hayajatumika. Kirusi cha Afrika huidhoofisha kinga hiyo kwa protini moja, na kile cha Afrika Mashariki huidhoofisha kwa protini nyingine, katika hatua tofauti. Vikiwa pamoja, mmea unabaki bila pa kujishikia. Mwaka 2001 Justin Pita na wenzake waliandika kwamba mlipuko wa Uganda ulitokana na mambo matatu yaliyofungamana: vipande vya vinasaba kuchanganyika, maduara mazima A na B kubadilishana baina ya virusi, na virusi viwili kuongezeana nguvu ndani ya mmea. Nalisisitiza hili kwa sababu mara nyingi hadithi ya Uganda husimuliwa kana kwamba ganda lililochanganyika ndilo lililoua mihogo. Ganda hilo ndilo alama iliyotuwezesha kukitambua kirusi. Ukali ulikuwa kazi ya ushirika.

Muhogo si zao pekee. Mahindi yetu yana ugonjwa wa milia, ule unaochora mistari myembamba iliyopauka kwenye jani. Aina ya kirusi inayoyaumiza mahindi vikali imetokana na uchanganyikaji wa virusi vya nyasi za mwituni, na makisio ya watafiti wanaofuatilia nasaba yake yanatupeleka kusini mwa Afrika katika karne ya 19. Mahindi yalipolimwa katikati ya nyasi hizo, nyasi zilikuwa tayari na virusi vyao, vinavyokutana kila siku. Hispania walipata kirusi cha nyanya kilichochanganyika vivyo hivyo, na kikapewa jina la Malaga. Hata virusi ambavyo vinasaba vyake ni vya RNA, ambavyo ndivyo vingi zaidi kwenye mimea, hufanya hivyo: Bujarski na Kaesberg walilionyesha mwaka 1986 kwa kirusi cha nyasi jamii ya ngano.

Lakini haki itendeke. Si kila mchanganyiko huzaa balaa. Nyingi hufa hapohapo ndani ya seli kwa kuwa vipande havielewani. Nyingine huishi bila kumtisha mtu. Mwaka 2004 kilielezwa kirusi kinachoitwa cha Zanzibar, nacho pia ni mchanganyiko, na dalili zake kwenye muhogo ni hafifu. Baadaye kikaonekana kwa wingi pwani ya Kenya. Kwa hiyo pwani yetu ina aina nyingi. Joseph Ndunguru na wenzake walipochunguza virusi vya muhogo vya Tanzania, wakachapisha matokeo yao mwaka 2005, walifikia kauli kwamba Afrika Mashariki ni kitovu cha aina hizi za virusi. Na linaeleweka. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, lakini kule kwao hauna batobato. Virusi ni vya huku, vilikuwapo katika mimea ya huku, na muhogo ulipoletwa vikauhamia. Hapa petu vimeishi, vimekutana, na vimechanganyika.

Ndiyo maana neno "ugonjwa wa kuvumilika" linanisumbua. Nimesikia hoja ya upande wa pili na ina uzito wake. Baada ya mlipuko kupita, baadhi ya wakulima wa Uganda walirudia mbegu zao za kienyeji, na ilionekana kwamba katika baadhi ya mashamba hayo kulikuwa na aina hafifu ya kirusi kilekile kipya, ambayo iliukinga mmea kwa kiasi dhidi ya aina kali. Mtu anaweza kusema: basi tuziache aina hafifu zifanye kazi hiyo. Mkulima aliyefanya hivyo kwa kukosa njia nyingine simlaumu hata kidogo. Alikuwa anaokoa chakula cha watoto wake. Lakini kama sera, siikubali. Kinga ile hufanya kazi baina ya virusi vya aina moja. Kirusi cha aina nyingine kikija, aina hafifu haikizuii. Inakipokea, na kilichokuwa ugonjwa mdogo kinakuwa nusu ya ugonjwa mkubwa. Shamba lenye batobato hafifu kila shina ni shamba ambamo sharti la uchanganyikaji limetimizwa nusu tayari, na pingili moja tu ya mgeni yatosha kulikamilisha.

Njia iliyo bora tulikwisha kuonyeshwa, na ilianzia hapa petu. Katika kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara, H. H. Storey na R. F. W. Nichols walikuwa wakichunguza batobato katika miaka ya 1930. Walikwisha kuona kwamba kuna aina kali na aina hafifu. Waliukutanisha muhogo na jamaa yake, mti wa mpira wa Ceara, ambao una ustahimilivu mkubwa, kisha wakarudisha uzao kwa muhogo kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapata mmea wenye mizizi ya kuliwa na kinga ndani yake. Kazi hiyo iliendelezwa hapo na D. L. Jennings katika miaka ya 1950. Uzao wa Amani ulipelekwa Nigeria, na mmoja wao, uliopewa namba 58308, ukawa mzazi wa mbegu nyingi zilizozalishwa Ibadan. Mbegu mojawapo ya ukoo huo, TMS 30572, iliporudi Afrika Mashariki iliingia Uganda, ikaitwa Migyera, na ikawa miongoni mwa zile zilizowarudishia watu muhogo baada ya mlipuko. Kazi ya Usambara ilizunguka bara na kurudi karibu na nyumbani baada ya zaidi ya nusu karne. Nasikitika kwamba watoto wetu wa shule hawasomeshwi habari hii.

Kuna kinga nyingine, iliyopatikana katika mbegu za kienyeji za Afrika Magharibi, inayorithiwa kirahisi zaidi, na ambayo leo imo katika mbegu nyingi zinazosambazwa. Kwa miaka watafiti waliijua bila kujua inafanyaje kazi. Mwaka 2022 walionyesha kwamba inaendana na badiliko dogo kwenye jeni ya muhogo inayotengeneza sehemu ya polimerasi, yaani kimeng'enya kinachonakili DNA. Msikilizaji ataona mara moja inapogusa: kirusi kinategemea wanakili wa muhogo, na muhogo wenye kinga una mnakili aliye tofauti. Ni ugunduzi wa kufurahisha sana, na pia unatupa tahadhari. Mbegu nyingi sasa zinaegemea badiliko la mahali pamoja, mbele ya virusi vinavyoweza kujipanga upya kwa tukio moja. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kuendelea kuzithamini mbegu zenye kinga ya ukoo wa Amani, ambayo imetawanyika katika jeni nyingi na ni ngumu kwa mzalishaji, lakini pia ni ngumu kwa kirusi.

Kinga hizo zote zinahusu batobato. Muhogo una ugonjwa wa pili, michirizi kahawia, ambao Storey huyohuyo aliueleza akiwa Amani mwaka 1936 na ambao huozesha mizizi ardhini huku majani mara nyingi yakionekana mazuri. Virusi vyake ni vya jamii nyingine, vya RNA, huenezwa na nzi mweupe yuleyule, na navyo vimeonekana kuwa na alama za kuchanganyika. Tangu mwaka 2004 vimeenea Uganda, kwenye mwinuko ambako zamani tulidhani havifiki. Kwa hiyo leo nzi mmoja katika shamba la Ukerewe au Busia anaweza kuhamisha magonjwa ya jamii mbili.

Nasema hivi hasa kwa wale wanaogawa pingili. Baada ya njaa au mafuriko, malori hupakia mashina ya muhogo kutoka mkoa mmoja na kuyashusha mkoa mwingine, na nia ni njema. Lakini lori moja la pingili zisizokaguliwa linaweza kukutanisha virusi vingi zaidi kwa siku moja kuliko nzi wa wilaya nzima kwa mwaka. Kwa Tanzania ipo taasisi ya TOSCI inayokagua na kuthibitisha mbegu, za muhogo zikiwemo, na wapo wakulima waliosajiliwa wanaozalisha pingili za kuuza. Anayegawa msaada hana kisingizio cha kuwapita hao. Vipimo navyo vimesogea mbele: watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya, wakiwamo Ndunguru na Titus Alicai wa Namulonge, wamekwisha kupeleka hadi shambani mashine ya kusoma vinasaba inayoshikika kiganjani, na mkulima akajibiwa siku ileile. Kipimo cha namna hiyo husoma vinasaba vyote, si ganda peke yake, na kirusi kilichochanganyika hakiwezi kujificha nyuma ya jina la mwenzake.

Ambaye hana mashine anayo macho, na kwa batobato macho yanasaidia sana yakitumika kwa wakati wake. Siku ya kukata pingili ni kuchelewa, maana mashina mengi yatakuwa yamepukutisha majani na dalili zimekwenda nayo. Pita shambani mapema, mihogo ikiwa bado michanga. Shina ambalo mabaka yanaanzia majani ya chini kabisa, yale yaliyochipua kwanza, ugonjwa wake ulikuja na pingili, na ni vizuri umrudie aliyekupa mbegu umwambie. Shina ambalo majani ya chini ni safi na ya juu ndiyo yenye mabaka, hilo liliambukizwa na nzi baada ya kupandwa, maana yake ugonjwa uko kwa jirani au kwenye shamba lako la zamani. Yote mawili yang'oe mihogo ingali ya mwezi mmoja au miwili, uyatoe shambani, na yaliyobaki safi uyafunge alama, ili msimu ujao ujue pa kukata.